Nilivyopima mbweu za ng'ombe kwa futi ya fundi cherehani

Kwanza niwatoe watu kwenye kosa ambalo hata mimi nililibeba hadi mwaka wa pili chuoni: methani ya ng'ombe, ile gesi inayoongeza joto la dunia, haitokei sana nyuma. Hutoka mdomoni. Vijidudu vya tumboni vikichachua majani hutoa gesi, ng'ombe anakwenda mbweu, basi.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha ng'ombe wa maziwa wa huku kwetu na wa kwingine. Kaka mmoja aliyenitangulia akanishauri: "Tumia namba ya Marekani kwa wote, ndiyo iliyofanyiwa utafiti." Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unampa ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini kilo 128 za methani kwa mwaka. Nikazidisha kwa ng'ombe wa baba mdogo kule Singida, nikachora na chati ya rangi tatu. Wiki mbili hizo!

Ndipo nikajaribu kwenda kinyumenyume. Kilo 128 zinataka ng'ombe ale kama kilo 16 za chakula kikavu kila siku. Kilo kumi na sita, Singida, mwezi wa kumi, kiangazi! Nilipomweleza baba mdogo alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, akizipata hizo hata mimi nitakula naye."

Nikarudi kwenye mwongozo uleule na kusoma mistari ya chini niliyoiruka kwa uvivu. Ulaya Magharibi 117, Amerika ya Kilatini 72, Bara Hindi 58, Afrika na Mashariki ya Kati 46. Ila sikutaka kuimeza 46 kama nilivyoimeza 128, nikaamua kupima mwenyewe.

Mzani wa ng'ombe sina. Nikaazima futi ya fundi cherehani jirani yetu, maana ukizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kuna jedwali la kukupa uzito. "Unamshonea gauni?" baba mdogo akauliza. Yule wa kienyeji futi ilimtosha kwa shida. Kwa ng'ombe chotara (wa kienyeji na wa kigeni) wa rafiki yangu kule Njombe iligoma: futi inaishia sentimita 150, na kifua bado kinaendelea. Nikatumia kamba ya katani, nikafunga fundo, nikainyoosha chini na kuipima kwa futi mara mbili. Mpime kabla hajanywa maji, na msimamie ubavuni. Mimi nilisimama nyuma. Suruali ile hadi leo haijatakata.

Wa kienyeji alikuja kama kilo 240. Akila asilimia 2.5 ya uzito wake ni kilo 6 kavu. Kila kilo ina megajuli 18.45, asilimia 6.5 ya nishati hiyo inageuka methani, na kilo moja ya methani ina megajuli 55.65. Jibu: kilo 47 kwa mwaka! Nilirudia hesabu mara nne nikidhani nimeiba. Chotara, kilo 400, anayelishwa mashudu na pumba na hivyo kula asilimia 3 ya uzito wake, akafika kama 94.

Kwa hiyo wa kwetu ni msafi? Subiri. Wa Singida hutupa lita mbili za maziwa kila siku, kwa siku kama 200 za mwaka; mengine ni ya ndama. Ukigawanya, kila lita ina gramu 118 hivi za methani. Chotara, kwa lita 3,000 za mwaka, gramu 31. Kwa maziwa yaliyokadiriwa kwenye mwongozo ule ule, kilo 8,400 Amerika Kaskazini na 475 Afrika, wao wana gramu 15, sisi 97. Aliyekuwa wa mwisho akawa wa kwanza.

Baba mdogo hakukubali, na nadhani ana hoja: "Huyo analima, anatoa mbolea, na wenzake walitolewa mahari kaka yako alipooa. Hayo umegawanya wapi?" Sikuwa na safu ya mahari kwenye jedwali langu.

Futi nilimrudishia fundi ikinuka zizi. Ikabidi nimnunulie nyingine, elfu mbili na kitu, na ile ya zamani akanipa niondoke nayo.