Kifaranga wa mwisho

Juzi binti wa kaka yangu kanitumia vidio WhatsApp, kifaranga wa kasuku kalala kwenye kiganja chake, halafu chini kaandika "shangazi nimtoe au nimwache kwa mama ake?" Nikabaki nimeshika simu tu, maana swali hilohilo lilinikosesha usingizi Mikindani, ule msimu wa kusi, kasuku wa baba walipoangua.

Ni wale wadogo wa kichwa cha chungwa, kwao hasa ni kule Serengeti na kusini ya Ziwa Victoria, baba alikuwa nao na kibali chao. Jike anataga yai moja, anaruka siku, anataga lingine, na kulalia anaanza mapema, sasa kwa vile yai linakaa kama siku 23, vifaranga hawatoki pamoja. Wa kwanza anakaribia kufumbua macho, wa mwisho ndo kwanza anatoka, mwekundu, gramu 3 hivi. Wakubwa wanainua shingo wanapiga kelele wanashindiliwa, mdogo yuko chini ya miguu yao.

Jioni ile nilimkuta gole tupu. Gole ni kile kifuko cha chakula hapo chini ya shingo, kwa kifaranga ambaye hajaota manyoya unaona mpaka kilichomo ndani. Lakini gole tupu peke yake haitoshi kukufanya umtoe, huenda mama alikuwa hajamfikia, na aliyeangua leo bado ana kiini cha yai tumboni, anaweza kukaa masaa kadhaa bila kulishwa. Huyu hakuwa wa leo. Nikampima kwenye mizani niliyoazima kwa sonara, uzito uleule wa jana yake, wakati wenzie kila siku wanapanda.

Mjomba alikuwa ameshuka kutoka Newala kwa mambo ya mirathi ya bibi, na kwetu mnajua mjomba akiongea hata baba anashusha sauti. Akaniambia, "Mpwa wangu, mama ndo anajua mwanae. Ukimtia mkono utamharibia." Nikasema sawa mjomba, nasubiri asubuhi, nimwone jike analisha halafu ndo niangalie tena.

Saa 12 asubuhi umeme hakuna, nimekaa na tochi ya simu pembeni ya boksi lao. Jike akaingia, nikasikia zile kelele za kuomba, zikapoa, akatoka. Nikafungua. Wakubwa magole yamevimba yanang'aa, mbegu zinaonekana kabisa kwenye ngozi. Wa mwisho gole limelala bapa, ngozi imekauka ina mikunjo, vidole vyembamba kama uzi, na wa baridi. Hakulia. Hapo ndo nikaelewa kinachoendelea, asiyelia mama anampita, akipitwa anaishiwa nguvu, akiishiwa nguvu ndo halii kabisa. Nikamtoa.

Ila sikumlisha hapohapo, jamani hili naomba mlishike, kifaranga wa baridi ukimpa chakula kinamlalia kwenye gole kinachacha. Nikajaza chupa maji ya moto, nikaifunga kanga, nikamweka pembeni yake mpaka mwili ukapata joto na miguu ikaanza kusogea. Chakula chenyewe cha vifaranga kilikuwa bado kwenye basi kutoka Dar, nikakoroga unga laini wa nafaka usio na maziwa (ndege maziwa hayamfai) na kiini cha yai la kuchemsha, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Kipimajoto cha mtoto nikakitia humo kikasoma nyuzi 40. Ukizidisha unamuunguza gole, ukipunguza anakataa. Kijiko cha chai nilikikunja kingo kikawa kama mdomo wa birika.

Nikamgusa pembeni ya mdomo upande wake wa kushoto ili chakula kielekee kulia kwake, maana njia ya chakula iko huko, ukimwaga ovyo kinaingia kwenye pumzi. Tone la kwanza likabaki mdomoni. Nikafuta, nikangoja. La pili, kichwa kikaanza kutikisika, juu chini juu chini, akameza, na chini ya ngozi nikaona kitone cha njano kinateremka kinaingia kwenye gole. Mjomba alikuwa kasimama nyuma yangu, wala sikujua. Akasema "Haya."

Nilimpa kidogo tu, sikumjaza, nikamrudisha kwa mama yake akiwa wa moto. Kumtoa kabisa kwa mama yake maana yake ni kumlisha kila baada ya masaa mawili usiku na mchana, na hakuna anayempa joto kama mama yake. Jioni kumchungulia, gole lina vipande vya mbegu. Mimi mbegu sikumpa.

Mjomba mpaka leo anasema si nilikwambia, mama ndo anajua mwanae. Mimi nasema alipata nguvu ya kulia ndo akasikika. Labda jike angemfikia mwenyewe baadaye, kwenye saa nne, labda saa nne angeshakuwa amekufa, sina namna ya kujua. Niliendelea na kijiko asubuhi na jioni, hata chakula cha Dar kilipofika, mpaka naye akaanza kuwakanyaga wenzie.