Daftari la chama nililotoroka nalo

Hii stori nimeiandika nikaifuta karibu mwaka mzima, na leo nimeamua niiachilie tu vile iko.

Mimi nilikula pesa ya chama.

Tulikuwa kina mama 12, wa ploti mbili hapo Kayole upande wa Masimba, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni kwa nyumba ya mmoja wetu. 500 ya merigoraundi, hiyo mtu anapewa siku hiyohiyo anaenda nayo, halafu 200 ya akiba, hiyo inakaa mpaka Disemba tugawane, kila mtu apate kitu ya Krismasi na ya shule ya Januari. Mimi ndio nilikuwa mweka hazina juu nilifika fomu foo na mwandiko wangu ni msafi, na akiba ilikuwa inakaa kwa simu yangu. Kufika Novemba 2018 tulikuwa tumechanga wiki 40. Kila mtu 8,000, jumla 96,000. Toa 8,000 yangu, zinabaki 88,000 za wenyewe. Kwa simu kulikuwa na 340.

Zilienda kwa beti. Kijana wa kuchaji simu pale chini ya ploti ndiye alinionyesha, na mbaya zaidi ni kwamba nilianza kwa kushinda, niliweka soo moja nikapata 4,200, nikanunulia watoto viatu nikaona Mungu amenikumbuka. Baada ya hapo sikushinda kitu ya maana tena. Na nataka mtu aelewe vile akili inafanya kazi ukiwa huko ndani, juu watu hudhani mwizi anajua ni mwizi. Kwa kichwa yangu mimi nilikuwa nakopa. Leo natoa 1,500, Ijumaa mechi zikiingia narudisha, Ijumaa ikifika natoa 3,000 ya kurudisha ile 1,500, na kila Jumamosi nafungua daftari mbele yao nawasomea hesabu kwa sauti, jina kwa jina, na wao wananishukuru. Hiyo kushukuriwa ndiyo ilikuwa inaniua.

Wiki mbili kabla ya kugawana nikatoroka usiku. Pikapu ya kukopa, watoto wawili, godoro, mtungi wa gesi. Laini ya simu nikaitupa kwa mtaro. Nikahamia Rongai mahali hakuna mtu ananijua, na nikifungua begi la nguo nikapata nimekuja na daftari. Sijui nililiweka saa ngapi. Nilijaribu kulichoma mara mbili nikashindwa, nikalisukuma chini ya godoro, nikawa nalala juu ya majina ya watu 11.

Karibu mwaka mzima sikupita Jogoo Road. Nilikuwa nafulia watu nguo, 400 kwa siku ikiwa nzuri, na nikiona mama amejifunga leso kwa mbali anatembea kama mmoja wao nilikuwa najificha kwa duka lolote lililo karibu.

Niliokoka Jeevanjee, ile bustani ya katikati ya jiji, Septemba 2019. Kama wewe ni wa Nairobi unajua pale saa saba mchana, wahubiri wamesimama, spika inakwaruza, watu wako kwa benchi, wengine wanakula njugu wengine wamelala tu. Nilikuwa nimetoka kutafuta kazi ya kusafisha ofisi nikaambiwa nirudi wiki ingine, sikuwa na fare ya kurudi Rongai, nikakaa nipumzishe miguu. Mhubiri mwenyewe sauti ilikuwa imekauka na sidhani alikuwa amejitayarisha sana, lakini alisoma 2 Wakorintho 5:17, "mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita", na alipofika hapo kwa "yamepita" kitu ndani yangu kikakatika. Nililia mbele ya watu nisiowajua nikapiga magoti kwa nyasi nikaongozwa sala ya toba. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Ile hamu ya kubeti ilikuwa imenishika kama kiu, na jioni hiyo nilitembea kwa miguu mpaka nikapata mtu wa kunisaidia fare na sikufikiria mechi hata moja.

Kanisani Rongai nikapewa nafasi ya ushuhuda. Nikasimama nikasema nilikuwa mcheza kamari na mwizi na Yesu amenifuta machozi, watu wakapiga makofi, haleluya kila mahali. Baada ya ibada mama mmoja mzee wa ushirika wetu akanishika mkono, akaongea polepole hivi, "Mwanangu, Mungu asifiwe. Na hao kina mama wa chama wanajua umeokoka?"

Sikulala hiyo siku.

Nilikumbuka shosho yangu. Shosho alikuwa wa wale ndugu wa uamsho, ule ulianza Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaja mpaka huku kwetu. Alikuwa anatuambia tukiwa wadogo kwamba enzi zao mtu akiokoka, kitu cha kwanza watu waliona ni jembe linarudishwa, au blanketi, au kuku wa jirani aliyepotea mwaka juzi. Hao walisema ni kutembea nuruni. Nikiwa mtoto nilidhani ni hadithi za wazee tu.

Halafu nikasoma Filemoni, kitabu cha mlango mmoja tu, mistari 25, nilikuwa nakipita kila siku nikienda Waebrania. Onesimo ni mtumwa, ametoka kwa bwana wake, amekutana na Paulo akiwa gerezani na amezaliwa upya huko. Na Paulo hakumwambia basi ndugu, ya kale yamepita, kaa hapa tuimbe. Alimrudisha kwa Filemoni na barua mkononi, na kwenye barua akaandika kwamba kama huyu amekudhulumu chochote, kiandike juu yangu mimi, mimi nitalipa. Hapo nilisoma mara nyingi sana. Kwa hivyo huyu mtu anarudi, lakini harudi peke yake, anarudi amedhaminiwa. Na mtu ambaye jina lake maana yake ni mwenye manufaa, na alikuwa hafai kitu, ukifika Wakolosai 4:9 Paulo anamwita ndugu mwaminifu. Mwaminifu! Hilo ndilo neno nililotaka mimi kuliko yote, na nilijua siwezi kulipata Rongai.

Kuna ndugu kanisani alinikemea, akasema kulipa ni kukosa imani, deni lote lilifutwa msalabani. Ninampenda lakini hapo alikosea. Lile la msalabani ni deni langu na Mungu, na hilo singelilipa hata nikifua nguo za Nairobi nzima. Mama wa samaki wa Kayole, mmoja wa wale 11 wa chama, yeye anadai 8,000.

Nilienda Februari 2020, Jumamosi, na daftari kwa mfuko wa plastiki na 5,500 nilizokuwa nimejinyima kuanzia Septemba, 500 ya kila mtu. Mama wa samaki ndiye alikuwa wa kwanza juu kibanda chake kiko karibu na stegi. Alikuwa anaparua tilapia. Alinitambua, nikaona kisu kimesimama, halafu akaendelea kuparua, magamba yanaruka mpaka kwa viatu vyangu, hakuinua macho. Nikasema kila kitu, beti, kutoroka, wokovu, nikaweka 500 kwa meza. Alinyamaza mpaka akamaliza huyo samaki.

"Hiyo pesa ilikuwa ya fomu wani ya kijana," akasema. "Sanduku, blanketi na viatu. Alienda wiki tatu wenzake wameshaanza. Sanduku hakuwa nalo mpaka muhula wa pili, alikuwa anaweka vitu kwa gunia, wanamcheka."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, sikuwa nimejitayarisha kwa gunia. Mungu amenisamehe, hilo sina shaka nalo, na huyo mtoto alibeba gunia, na hayo mawili yote ni ya kweli na hakuna moja linafuta lingine. Akachukua kalamu yangu akaandika 500 mwenyewe kwa daftari, hakunipa mkono.

Wengine ilikuwa hivyohivyo au mbaya zaidi. Mmoja alinimwagia maji ya sabuni. Mmoja alinikumbatia akalia, na huyo aliniumiza kuliko wa maji. Wawili walikuwa wamerudi ushago nikawa natuma kwa M-Pesa, na mmoja alikuwa amefariki, nikalipa binti yake. Halafu Machi korona ikaingia, kazi za kufua zikakauka watu wanaogopa kuingiza mtu nyumbani, miezi mitano sikulipa shilingi. Nilipiga simu kwa kila mmoja kusema siwezi sasa lakini niko, sijatoroka. Nafikiri hizo simu zilifanya kazi kuliko pesa.

Zimebaki 4,500, za watu wawili. Siku hizi nauza chapati, nikipata vizuri nitamaliza kabla ya Pasaka.

Mama wa samaki nilimmalizia Disemba iliyopita. Alipiga mstari chini ya jina lake kwa kalamu nyekundu, akarudisha daftari, akaniuliza kama nimekula. Barafu ilikuwa inamwishia na wateja ndio hao wanakuja, akafungua aproni akanipa. "Dada, kaa hapa kidogo, mimi naleta barafu." Akaenda. Mkebe wa pesa ulikuwa hapo kwa meza, umefunguliwa. Niliuza samaki wawili kabla arudi, 350 kila mmoja, nikaweka 700 ndani.