Hudihudi aliyenikuta edani

Juzi mwanangu karudi chuoni na Suratun-Naml mdomoni. Kafika pale Nabii Sulaiman anapowakagua ndege, asimwone hudihudi. "Mama, ni ndege wa kweli?" Wa kweli, nikamwambia, na hapa Malindi nimemwona, ua wetu huu huu.

Nilikuwa edani, mume wangu kafariki. Mambo mengine ya mwaka ule yamenichanganyikia: hitma, wageni, waliokuja kudai madeni ya marehemu, mashemeji na maneno yao. Miezi minne na siku kumi, bila wanja wala udi. Dunia yangu ilikuwa dirisha la jikoni: ua, mwarobaini, na kunguru. Kunguru hawa wa Bara Hindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890 wakaenea pwani nzima, hula mayai na makinda ya wenzao. Nilikuwa nimeshazoea kwamba kwetu hakuna ndege mwingine.

Asubuhi moja ya masika nachagua mchele, uteo mapajani, nikaona kitu kinatembea chini ya mwarobaini. Kifua rangi ya mdalasini, mbawa zina mistari myeusi na myeupe, mdomo mrefu, mwembamba, umepinda kidogo. Kila hatua anatikisa kichwa. Akauzamisha mdomo kwenye udongo uliolowa mpaka karibu na macho, akavuta buu nene, akalirusha juu kidogo, akalidaka, akameza. Kunguru akatua ukutani. Yule mgeni hakuruka. Alikifungua kishungi chake chote, unyoya kwa unyoya, kila ncha nyeusi, akasimama vile vile. Mimi nimeshika punje ya mchele, pumzi nimeizuia.

Mavyaa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Subhanallah! Hudihudi huyo, mwanangu." Halafu akauliza polepole, "Katuletea habari gani?"

Kwa Nabii Sulaiman alitoka nchi ya Saba na habari za yakini. Mimi yakini ndiyo niliyokuwa nikiitaka, ya mtu mmoja tu, na waliokuja kunipa pole hawakuwa nayo. Nikalia mbele ya mama yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu maziko, naye akanitoa uteo mapajani, akauweka kando, akalia na mimi.

Najua alifuata mabuu, ardhi ilikuwa imelainika kwa mvua. Hilo nalijua vizuri. Lakini hata baada ya eda kwisha nilikuwa nikifungua dirisha lile kabla ya kuteleka chai, na kama ni yeye niliyekuwa nikimngoja, au ni yule mwingine, sijaweza kulitenganisha.