Wiki ambayo Hamburg ilinyamaza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu binti anayenisaidia mgahawani aliamka anaharisha. Nikamkorogea maji ya chumvi na sukari, nikamwambia aendelee kukata mboga na mteja yeyote asijue. Niliyasema hayo kwa kinywa hiki hiki kinachoongoza maombi ya Jumatano.

Usiku mwanangu, anayesomea afya ya jamii, akanisimulia habari za Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1892 ilikuwa bandari kubwa, na maelfu ya wahamiaji walipitia pale kwenda Marekani. Katikati ya Agosti watu wakaanza kuanguka kwa kipindupindu. Wakuu wa mji walijua kwamba wakitangaza tu, bandari za wengine zitaziweka meli zao karantini na biashara itasimama. Wakanyamaza karibu wiki nzima, na maji ya mto Elbe yakaendelea kuingia majumbani bila kuchujwa. Meli iitwayo Moravia iliondoka tarehe 17. Ilipotia nanga New York, abiria 22 walikuwa wameshafia njiani. Marekani ikaamuru karantini ya siku 20, hivyo biashara waliyoilinda ikasimama vilevile. Hamburg ikazika watu wapatao 8,600. Altona, mji wa jirani, uliteka maji ya mto huo huo, tena upande wa chini uchafu wa Hamburg ulikokuwa ukishukia, lakini wao waliyachuja kwa mchanga, na wengi wao wakanusurika.

Sikulala. "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa." Mstari huu nimeufundisha watoto wa Jumapili miaka mingi, na siku zote nilidhani unasema habari za uzinzi na wizi. Kumbe hata sufuria langu la maharage limo.

Niwaseme na ninyi, ndugu zangu, kwa upendo. Sisi tuliookoka tuna tabia ya kuficha ugonjwa na kuuita ukimya wetu imani. Mtu anatapika usiku, asubuhi anashika mikono ya watu mlangoni pa kanisa, akiulizwa hali anajibu, "Nimebarikiwa." Mama anajua kisima chake kimeingiliwa na maji ya choo, anaendelea kuuza ndoo. Imani gani hiyo inayomponza jirani? Mungu aliyemwagiza mwenye ukoma apige kelele "Ni najisi, ni najisi" ndiye huyu tunayemwabudu. Na yule mgonjwa hakutupwa: Walawi 14 inasema kuhani atatoka, aende nje ya marago, akamwangalie huko huko.

Jumanne nilifunga mgahawa, nikawaambia wateja sababu. Wawili walikasirika. Nilimpeleka binti zahanati, nikaosha tangi, nikachemsha maji yote. Sasa analala chumba cha uani, nami nampelekea uji na kukaa naye mlangoni. Jana nilimwomba msamaha kwa kumkatisha mboga akiwa mgonjwa. Mwombeeni, bado hana nguvu miguuni.