Kadi mbili kwenye IRQ moja

Kipanya kinaganda mara tu modemu inapoanza kupiga simu. Sauti inakwama kwenye silabi moja na kuirudia bila kukoma. Kadi ya mtandao inaonekana, draiva imekubali, lakini hakuna pakiti inayopita. Kwenye kompyuta za miaka ya 1990, shuku kwanza kwamba vifaa viwili vinadai laini moja ya katizo, yaani IRQ: waya ambao kifaa hutumia kumwita prosesa akihudumie.

Kabla ya kugusa draiva (programu inayoendesha kifaa), angalia kadi imechomekwa kwenye sloti ya aina gani: ISA, ya zamani, au PCI, iliyoifuata. Kwenye ISA, katizo ni volteji ya waya kupanda, na kadi nyingi huushikilia waya wao muda wote. Kadi mbili zikiwekwa kwenye waya mmoja, moja inasukuma juu na nyingine inavuta chini, na ombi la mmojawapo linapotea. Hapo hakuna draiva itakayokuokoa. PCI ni tofauti: kadi huivuta laini chini na kuiacha chini mpaka ihudumiwe, kwa hiyo kushirikiana kunaruhusiwa. Ukiona kadi mbili za PCI zina IRQ 11, hilo peke yake si kosa.

Namba za IRQ kwenye kompyuta hizo za zamani ni 0 hadi 15, na nyingi zina wenyewe: 0 saa ya mfumo, 1 kibodi, 6 flopi, 8 saa ya betri, 12 kipanya cha PS/2, 14 na 15 diski za IDE. Namba 2 inaunganisha vidhibiti viwili vya makatizo. Kwa kawaida unabaki na 5, 9, 10 na 11.

Mgongano wa modemu na kipanya cha mlango wa serial (COM) ni wa siku zote: COM1 na COM3 zote hutumia IRQ 4, COM2 na COM4 hutumia 3. Zima COM2 ndani ya BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta ikiwaka), kisha weka jampa za modemu, yaani vifuniko vidogo vya kuunganisha pini kwenye kadi, ziwe COM2, IRQ 3. Ila kama una kadi ya mtandao ya NE2000, nayo mara nyingi huja ikiwa IRQ 3, anwani 300h, ihamishie 10. Kadi ya biti 8 haiwezi kufika huko, kwa sababu pini za IRQ 10 na kuendelea ziko kwenye kipande cha pili cha sloti. Kadi ya sauti ya Sound Blaster iachie 5, na mstari wa `SET BLASTER=A220 I5 D1`, unaoziambia programu za DOS mipangilio ya kadi, ulingane na jampa.

Ukichanganya ISA na PCI, BIOS haiioni kadi ya jampa na inaweza kuigawia PCI namba yake. Ingia sehemu ya PnP/PCI, iwekee namba hiyo Legacy ISA, kisha washa Reset Configuration Data mara moja ili BIOS igawe namba upya.

Kwa PCI, kuhangaika na namba ndani ya Device Manager ya Windows ni kupoteza muda. Kwenye mfumo wenye ACPI (kiwango cha kusimamia umeme na vifaa) mara nyingi hata haibadiliki. Zima, chomoa waya wa umeme (ubao wa ATX huwa na volti 5 hata ukiwa umezimwa), hamishia kadi sloti nyingine. Kila sloti imeunganishwa kwa mpangilio wake, na ile iliyo jirani na AGP (sloti ya kadi ya picha) mara nyingi hushirikiana nayo IRQ. Usiweke kadi ya sauti hapo. Ukishindwa kumjua mkorofi, bakiza kadi ya picha tu, urudishe nyingine moja moja.

Kwenye Linux, `cat /proc/interrupts` inaonyesha nani yuko na nani. Ujumbe `irq 16: nobody cared` maana yake karibu makatizo yote 100,000 ya mwisho hayakudaiwa na draiva yoyote, na kerneli (kiini cha Linux) imeifunga laini. Kuongeza `irqpoll` wakati wa kuwasha hukupa nafasi ya kufanya kazi, lakini tafuta draiva mbovu. Kadi ya PCIe (mrithi wa PCI) ikionyesha `MSI: Enable+` kwenye `lspci -vv`, yaani inatuma makatizo kama ujumbe, iondoe kwenye orodha ya washukiwa, maana haitumii laini hizo kabisa.