Tiketi 600 za Dunga, na vile Excel ilinichezea usiku mzima

Niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, printa mbili, mashine ya fotokopi inayokohoa kama mzee, na sifa ya kuwa "yule wa kompyuta". Hiyo sifa ndiyo iliniponza. Chama chetu kilipanga siku ya samaki na muziki wa ohangla pale ufuoni Dunga kuchangisha pesa ya tangi la maji, na kwa kikao kila mtu akanigeukia, omera si wewe uko na mashine, tutengenezee tiketi. Lakini zisiwe kama za mwaka jana.

Za mwaka jana ziliandikwa KSM-001 mpaka KSM-400. Mtu akishika KSM-087 hahitaji shule kujua kuna KSM-088. Anaenda saiba (si yangu, naapa), wanabadilisha namba ya mwisho, anaingia na shemeji zake wote. Saa nane ngege (tilapia) ilikuwa imeisha na watu wenye tiketi halali bado wako kwa laini na sahani tupu. Mweka hazina alilia, na si mama wa kulia ovyo.

Kwa hivyo mwaka huu nikasema namba zisifuatane, kila tiketi iwe na kodi yake ya kubahatisha. Nikisema kodi namaanisha code, si ya nyumba, hiyo landlord wangu anaijua vizuri kuliko mimi.

Sasa ushauri ukaanza kumiminika. Katibu akasema hakuna haja ya tiketi, mtu alipe na M-Pesa halafu ile namba ya meseji ndiyo iwe tiketi. Inasikika poa mpaka uiangalie. Kwanza hiyo namba haikubahatishwa yote, fungua simu yako uone, za 2024 zinaanza na S, za 2025 zinaanza na T, herufi ya pili ni mwezi na A ni Januari, ya tatu ni siku. Mtu mjanja anakuandikia meseji inayofanana kabisa, na wewe uko getini gizani na tochi utajuaje? Na wale wa keshi je?

Mpwa wangu anayesomea kompyuta yeye akanicheka. "Anko, tumia UUID, hizo haziwezi kurudiana hata ukitengeneza mpaka uzeeke." UUID ni kitambulisho kirefu ambacho kompyuta inajitungia, na ni kweli, ni kama haziwezi. Lakini moja iko na herufi na namba 32, ukihesabu na vistari inafika 36. Nilimprintia moja nikamwambia anisomee kwa sauti huku boda zinapita hapo nje. Alifika ya kumi na moja akapotea. Hizo ni za kompyuta kuongea na kompyuta nyingine, si za mtu ameshika soda mkono mmoja na mtoto mkono wa pili.

Nikaamua namba nne tu, kwa Excel, ile fomula ya kubahatisha namba, RANDBETWEEN, ya 0 mpaka 9999. Nikaburuta chini mistari 600, nikaona nimemaliza kazi ya wiki kwa dakika mbili. Nikaunganisha na Word, nikaprinti kwa karatasi ngumu ya manjano (elfu mbili na kitu, wino sihesabu kwa sababu nikihesabu nitalia), nikakata usiku kucha na ile mashine ya mkono mpaka bega likakufa ganzi. Saa kumi alfajiri nikalala nikijisifu.

Asubuhi nikafungua faili niprinti orodha ya getini. Tiketi ya kwanza mkononi inasema 7314. Orodha inasema 2088. Ya pili 5560, orodha 913. Nikafikiri nimechanganya mafungu. Nikaandika kitu kwa seli nyingine nione, na mbele ya macho yangu namba zote 600 zikabadilika tena kwa pamoja, kama watu wameambiwa wahame viti. Nikaandika tena. Zikahama tena. Nilikaa hapo nimeshika mdomo.

Kumbe RANDBETWEEN inabahatisha upya kila ukibadilisha kitu kwenye hiyo karatasi, hata ukifungua faili tu. Orodha iliyoprinti tiketi zangu haikuwa mahali popote duniani. Dawa ni ndogo mpaka inaudhi: ukishazipata unazikopi, halafu unapesti values, unabaki na namba zenyewe bila fomula. Unafanya hivyo KABLA ya kitu kingine chochote. Kabla hata ya chai.

Lakini afadhali iliharibika, kwa sababu nilipokaa kupiga hesabu nikaona namba nne zenyewe zilikuwa ujinga. Ziko 10,000 tu. Ukiuza 600, mtu akibuni namba yoyote kichwani ana nafasi moja kwa kama 17 ya kupatia. Darasa moja la vijana wakijaribu wote, wawili wanaweza kula samaki bure. Na kurudiana ndiko kulinishangaza, nilijaribu nikapata namba 19 zimetokea mara mbili. Mpwa akaniambia hiyo ni kawaida, kwa namba 10,000 ukichukua 119 tu tayari ni nusu kwa nusu kwamba mbili zinafanana. Sikuamini, nikajaribu mara kumi, nikaamini. Na tena Excel inakula sifuri ya mbele, 0047 inabaki 47.

Tiketi za manjano nilimpa mathe wa mandazi hapo nje, alifungia mandazi wiki nzima. Wateja walikuwa wananiuliza kama wameshinda kitu.

Mara ya pili nikachanganya herufi na namba. Nikaprinti karatasi moja ya mfano nikampelekea mweka hazina, mama wa kanisa, wa kuheshimika. Akavaa miwani, akapitia pole pole na kidole, akafika mstari wa tatu akatoa miwani. Herufi nne za kwanza zilikuwa zimejipanga zikawa neno ambalo sitaliandika hapa, na mkisema mnalijua basi mnalijua. Akaniuliza, "Hii ndiyo ya kumpa jaduong' mchungaji?" Nikamwambia mama, ni mashine. Akasema, "Mashine ilifunzwa na nani?"

Hapo ndipo nikatoa vokali zote. Bila a, e, i, o, u hakuna tusi la Kiswahili linaweza kujitunga, na la Kijaluo pia sijaona. Kuna Mmarekani anaitwa Douglas Crockford alitunga mpango wake wa herufi, akatoa I, L na O kwa sababu zinafanana na namba, halafu akatoa U ili matusi yasitokee kwa bahati mbaya. Kwa Kiingereza labda U inatosha. Kwetu hapana, toa zote. Na ukitoa vokali unapata faida nyingine bure: Excel haiwezi tena kugeuza 4E12 iwe hesabu ya ajabu ama MAR5 iwe tarehe tano Machi, maana miezi yote ya Kiingereza iko na vokali. Usicheke, hata wanasayansi wa jeni ilibidi 2020 wabadilishe majina ya jeni kadhaa kwa sababu hiyo hiyo ya Excel kuona tarehe.

Nikatoa pia 0 na 1, L, na zile pacha: B inafanana na 8, S na 5, Z na 2. Zikabaki 25, hizi hapa mkitaka kukopi: 23456789CDFGHJKMNPQRTVWXY. Unachukua moja moja kwa MID (fomula ya kuchomoa herufi) na RANDBETWEEN(1,25), mara sita, unaweka kistari katikati, kama 7KD-4MX. Kistari si urembo. Tokeni ya stima iko na namba 20 na bado watu wanaiingiza, kwa sababu inakuja nne nne. Sita za hivyo zinatoa zaidi ya milioni 244, kwa hivyo wa kubuni sasa ana nafasi moja kwa laki nne na kitu. Nikaangalia marudio, hakuna hata moja. Nikapesti values. Nikapesti tena kwa woga.

Wa mbali niliwauzia kwa simu, na hapo M na N zilitusumbua mpaka tukatunga yetu: M ya Manyatta, N ya Nyalenda, K ya Kondele, D ya Dunga, G ya Gem, V ya Vihiga. Kila nikiuza naandika kando ya kodi namba tatu za mwisho za simu ya mnunuzi. Hiyo ikae hapo, tutaifikia.

Getini sasa, hapa mniruhusu nijisifu. Mtandao wa Dunga siku hiyo ulikuwa wa kuombea, kwa hivyo orodha ilikuwa ya karatasi, imepangwa. Ukiwa na orodha mbili zinazofanana kwa meza mbili, tiketi moja inapita mara mbili. Nikagawanya kwa alama ya kwanza: zinazoanza na namba meza ya kwanza, C mpaka M ya pili, N mpaka Y ya tatu. Nane, nane, tisa. Na kwa vile zimebahatishwa, watu walijigawa wenyewe karibu sawa, kama 180 kila laini, bila mtu kupigia mtu kelele. Kodi ikiingia inakatwa na biro nyekundu.

Jamaa mmoja akaja na KSM-001, imeprintiwa vizuri kuliko zangu. Kijana wa meza ya pili hakufungua hata orodha. S hatuna, sifuri hatuna, moja hatuna. Jamaa akaondoka akiangalia tiketi yake kama imemsaliti.

Fotokopi ndizo zilileta kelele. Dada mmoja akafika, kodi yake imeshakatwa. Akawaka, na alikuwa na haki, tatizo ni kwamba aliweka picha ya tiketi kwa status ya WhatsApp siku mbili kabla, na marafiki wake wanajua kuprinti. Nikamuuliza namba tatu za mwisho za simu, zikalingana na orodha, akaingia. Halafu tukazunguka naye mpaka kwa meza za samaki. Binamu yake alikuwa hapo, amefika kwenye kichwa cha ngege, anatafuna macho. Alilipa bila hata kunawa mikono.

Tiketi kama hamsini hazikuuzwa, bado ziko kwa droo. Mathe wa mandazi ameshaziulizia.