Wamenipandisha, Nimeshuka

Jumatano ile nilikuwa nimekaa barazani, kofia mapajani na sindano mdomoni, mdogo wangu akaingia na simu mkononi anasoma kwa sauti kama mtu aliyeletewa matokeo ya mtihani. "Dada! Waganga mmepandishwa!" Nikaitoa sindano. Miezi minane nilikuwa nayangoja maneno hayo.

Mimi hushona kofia za vito, hapa Langoni, Lamu. Kofia moja hunila miezi miwili, mitatu ikiwa mwenyewe anataka nakshi za kubanana. Baada ya Isha, mama akishalala, naiwasha kompyuta tuliyochangiana na mdogo wangu na kuingia mchezoni. Jina la mchezo sitalitaja, sitaki kesi na wenyewe. Ni mchezo wa mtandaoni wa kuigiza mhusika: unachagua klasi yako, yaani kazi ya mhusika wako, unakusanya nguvu na mavazi, mnaingia pangoni watu ishirini kupigana na jitu lisilokubali kufa. Kuna tanki wa kusimama mbele apigwe, kuna wapigaji, na kuna sisi waganga wa kuwaweka hao wengine hai. Chama chetu kina Wamisri, Waturuki, Mreno mmoja, na nyumba moja ya Lamu.

Watu hudhani nilichagua uganga kwa sababu ya huruma. Huruma wapi! Nilichagua kwa sababu ya pingi, yaani muda wa amri yangu kwenda kwenye seva na jibu kurudi.

Seva, ile mashine inayoendesha mchezo, iko Ujerumani. Nikibonyeza kitufe hapa, habari inavuka kwenda bara, inateremka Mombasa, inazama baharini, inapanda na Bahari ya Shamu hadi Ulaya, kisha jibu linarudi njia ile ile. Usiku mzuri napata pingi ya milisekunde 190. Usiku mbaya 260, na usiku mbaya kweli inapanda na kushuka kama mashua iliyofungwa vibaya. Wapo wanaoniambia ninunue intaneti bora. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na hapo hakuna fundi wa kuuongezea mbio. Umbali ni umbali.

Kwa hiyo tangu mwanzo nilitafuta klasi isiyojali umbali. Upanga nilijaribu wiki mbili. Nikiinua upanga, adui keshahama. Mishale nayo hivyo hivyo. Nikaja kwa huyu mganga wa miti, ambaye dawa yake ni ya polepole: unampandia mtu mbegu, na kwa sekunde kumi na mbili mbegu ile inamrudishia uhai kidogo kidogo, kila baada ya sekunde mbili. Ukichelewa robo sekunde kuipanda, hakuna anayejua. Klasi ya watu wa mbali, nikaiita.

Wengine waliiona ya kivivu. Hawakuelewa utamu wake. Mganga wa haraka anasubiri kidonda ndipo atibu. Mimi mbegu yangu ilitakiwa iwe mwilini mwa mtu kabla hajaumia, maana yake nilitakiwa nimjue jitu kuliko linavyojijua. Likivuta pumzi mara mbili, linampiga tanki. Likigeuza kichwa kushoto, moto utawashukia waliosimama nyuma. Nilikuwa nahesabu kama ninavyohesabu nyuzi za kofia: hapa moja, ruka mbili, hapa moja. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko na mtandao wa Kenya na Tanzania ukawa unajikokota, pingi yangu ilifika 430. Wapigaji wawili wa Mombasa waliokuwa chama kingine walizima mashine wakalala. Mimi niliponya pango zima usiku ule. Kiongozi wetu, Mturuki wa Izmir asiyejua kusifu mtu, aliandika neno moja tu: "Sawa." Nililihifadhi.

Sasa turudi kwenye Jumatano, siku ambayo wenye mchezo hubadilisha kanuni zake. Mabadiliko yalikuwa mawili. Nguvu ya mbegu imepunguzwa kwa asilimia thelathini. Badala yake tumepewa kinga mpya ya jani: jitu likiinua mkono, una nusu sekunde ya kubonyeza, na ukiwahi, yule anayepigwa anarudishiwa uhai wote kwa mkupuo. Wote! Mdogo wangu alikuwa anarukaruka. Mimi nikaomba kalamu.

Milisekunde 500 ndiyo nafasi yote. Mkono wa binadamu, akiona kitu na kubonyeza, huchukua kama 250. Aliye Frankfurt na pingi ya 15 ametumia 265, bado ana muda wa kupiga chafya. Mimi usiku mzuri, 250 na 190 ni 440: naingia mlango ukifungwa. Usiku mbaya, 250 na 260 ni 510. Milisekunde kumi. Kwa milisekunde kumi tanki wangu anakufa, na skrini yangu mimi inaonyesha nimebonyeza kwa wakati.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimekosea ningejua nimekosea. Macho yangu yananiambia nimewahi, seva inasema sikuwahi, na neno la seva ndilo la mwisho.

Wiki ile tulikufa pangoni mara kumi na moja kwa jitu tulilokuwa tunaliua tukipiga soga. Nilipoeleza, Mreno akaniletea takwimu: waganga wa miti wamepanda kutoka nafasi ya tano hadi ya pili katika orodha ya uponyaji. Ya pili! Na kweli, wamepanda. Katika ukumbi mzima wa maongezi watu wanalalamika kwamba tumependelewa, tupunguzwe, tunakula chakula cha wenzetu. Basi nikawa mtu wa ajabu: nalaumiwa kwa utajiri ambao haujafika kwangu. Kiongozi akaniambia nifanye mazoezi. Usiku wa tatu akamleta mganga mwingine wa miti, kijana wa Poland, kajiunga juzi. Anabonyeza kinga ya jani kama anayewasha taa ya sebuleni kwake. Mimi nikawekwa akiba.

Wenye mchezo wana mzigo wao, nisiwanyime haki. Klasi moja ikizidi, kila chama kinaitaka hiyo, na aliyejenga mhusika mwingine kwa miaka miwili hapati wa kumbeba. Lazima wapime na kukata. Lakini wanapima kwa wastani. Mahesabu yao yana mapigano maelfu kwa maelfu, na mimi nimo humo ndani, na kuchelewa kwangu kumo, ila nimechanganywa na watu wanaokaa jirani na seva hadi ladha yangu haionekani, kama chumvi ya kidole kimoja kwenye sufuria ya harusi. Karatasi yao haina safu ya anayecheza akiwa wapi.

Malalamiko haya si mapya. Lile neno wachezaji wa Kiingereza wanalotumia klasi ikikatwa makali, "nerf", limetokana na Nerf, vile vitu vya kuchezea vya sponji. Inasimuliwa kwamba lilianzia kwenye Ultima Online, mchezo wa 1997: panga zilipunguzwa nguvu, watu wakasema wanapigana kwa sponji. Star Wars Galaxies ndiyo iliyotia fora. Novemba 2005 klasi 34 zilifanywa 9, wafuga wanyama wakaamka asubuhi hawana kazi. Mchezo wenyewe ulifungwa Desemba 2011.

Ninaoupenda mimi ni mkasa wa RuneScape. 2012 wenyewe waligeuza mtindo mzima wa kupigana, watu wakaghadhibika, na mwaka uliofuata ikapigwa kura. Wachezaji zaidi ya 400,000 walishiriki, na mchezo wa kale, ule wa 2007, ukarudishwa kando ya mpya. Kisha ikawekwa kanuni kwamba kitu kipya kikitaka kuingia humo kipate asilimia 75 ya kura kwanza, na 2022 ikashushwa hadi 70. Niliucheza kwenye simu nikiwa namuuguza mama hospitalini, na mwanzo sikuelewa kwa nini najisikia hodari hivi. Baadaye nikajua: mchezo ule hupiga hatua zake kila sekunde 0.6. Ubonyeze mwanzoni mwa hatua au katikati, jambo lako linatendeka hatua ikigonga. Ndani ya milisekunde 600, mtu wa Lamu na mtu wa London wanakutana mlango mmoja. Wengi huuona ni uzee. Mimi niliuona ni adabu.

Nilimweleza Ami yangu haya yote. Yeye jioni humkosi Mkunguni, mbele ya Ngome, anacheza bao. Sikutarajia aelewe, nilitaka tu mtu wa kulalamikia asiyenitumia takwimu. Akanisikiliza huku anahesabu kete, akachukua, akasambaza, akafika mwisho wa mtaji wake, ndipo akaniuliza: "Kwani huyo mwenye bao huja usiku mmelala, akaongeza shimo?"

"Huja Jumatano, Ami."

"Na mnamlipa?"

"Kila mwezi."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapotezewa hesabu ya kete zake, ukazuka ugomvi mwingine ambao haukunihusu. Nikaondoka na njia kuu, Usita wa Mui, nikimpisha punda wa saruji, nikiwaza kwamba pesa zile za mwezi ni sawa na mabunda mangapi ya uzi.

Nilifikiria kubadilisha klasi, kwa kweli. Mdogo wangu alinitengenezea mchawi wa sumu, ambaye naye ni wa polepole: unamtia adui sumu, unangoja. Nilimcheza siku nne. Anafaa. Lakini nilikuwa nikimwona mtu anaungua kule mbele, vidole vinakwenda wenyewe mahali zilipokuwa mbegu, na mahali pale sasa pana kitufe cha sumu. Nilimtia sumu jitu huku rafiki yangu Mmisri anakufa, nikajisikia vibaya kana kwamba nimefanya makusudi.

Niliwaandikia wenyewe. Barua fupi, yenye hesabu zile za 440 na 510, nikaomba nafasi ya kubonyeza iongezwe kidogo, au pingi ya mtu itolewe kwenye hesabu. Nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu. Baada ya hapo nikarudi kwenye kofia ya bwana mmoja wa Shela anayeoa baada ya Idi, kofia ambayo, nashukuru, hakuna wa kuja kuifumua Jumatano.

Jana ilikuwa Jumatano. Mdogo wangu hakusoma kwa sauti safari hii, aliniletea simu akaiweka juu ya kofia. Mstari wa kumi na saba katika orodha, kati ya rangi mpya za farasi na hitilafu ya mlango: nafasi ya kinga ya jani sasa ni sekunde 0.6. Sababu haikuandikwa. Sidhani ni barua yangu. Labda hata vijana wa Frankfurt wamechoka kukosa.

Usiku nikaenda kwenye sanamu la mazoezi peke yangu, nikajaribu mara ishirini. Kumi na nne zikaingia. Nikamwita mdogo wangu chumba cha pili azime video yake. Kumi na saba.